BEKI HANA WA KUMSIFU
Somo kutokana na maisha ya kandanda ya Musa Otieno na Joseph Okumu

Mhariri alipotangaza kwamba kila kidato kitoe somo moja la jarida, wenzangu walikimbilia ngeli, ushairi na methali. Mimi nimemchagua beki. Najua wapo watakaosema mpira si somo. Naomba wanivumilie hadi mwisho, kwa maana somo hili lina lugha ndani yake, lina historia, na lina hesabu kidogo pia.

Nia yangu ni kuonyesha jambo moja tu. Kazi ya beki ikifanywa vizuri, hakuna kinachotokea. Na kwa kuwa hakuna kinachotokea, hakuna anayeisimulia, haiandikwi wala haina majina. Nitaanza na lugha, kisha nitaeleza kazi yenyewe, halafu nitasimulia maisha ya mabeki wawili wa Kenya. Mwisho nitaeleza hayo yatuhusu vipi sisi wa Bombolulu.

1. MANENO TULIYO NAYO

Kiswahili cha mpira kilikuzwa sana na watangazaji wa redio. Mmoja wao alikuwa marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Huyu alikuwa mzaliwa wa Freretown, jirani zetu hapa. Zama zile nyumba nyingi hazikuwa na televisheni, na mtangazaji ndiye aliyekuwa macho ya msikilizaji. Ilimbidi awe na maneno, la sivyo watu wangezima redio wakalala.

Sasa hebu tuhesabu maneno ya kufunga bao. Mshambuliaji hufunga, hutia bao, hupachika, hutikisa nyavu, hufumania lango, hucheka na nyavu, hutia kimiani. Hayo ni saba na sijafika mbali. Akifunga matatu peke yake ana jina, akifunga kwa kichwa ana jina.

Tumgeukie beki. Yeye hukaba, huzuia, hubana, huokoa, huondoa hatari. Basi. Tukitaka kumsifu zaidi twamwita ukuta, au kisiki, au ngome. Angalieni vizuri, wasomaji: ukuta, kisiki na ngome ni vitu. Havifanyi chochote, vimesimama tu. Mshambuliaji tumempa vitenzi, beki tumempa nomino. Sisi Wamombasa twaijua ngome kuliko mtu yeyote, kwa maana twapeleka wageni kuitazama ile iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Twajua mwaka na twajua mjenzi. Lakini askari aliyekesha juu ya kuta zake usiku ambao adui hakuja, nani amjua?

Hata neno "kuokoa" lina kasoro. Mtu huokoa wakati hatari imeshafika. Beki hodari kabisa ni yule ambaye hakuhitaji kuokoa, kwa sababu aliona mapema akasimama pahali pake, na ile pasi ya hatari haikupigwa kamwe. Kitendo hicho sisi hatujakipa jina.

Na jina la kumsifia beki tumeliazima. Kule Zanzibar alitokea beki shupavu, Nadir Haroub, aliyepata kuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars ya Tanzania. Mashabiki walimwita Cannavaro, kwa ajili ya yule beki wa Italia aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 2006 na mwaka huo huo akatuzwa kuwa mchezaji bora. Jina ni tamu, sikatai. Lakini pwani nzima ya Waswahili, yenye malenga na manju, ilikosa jina la kumpa mtoto wake mpaka ikavuka bahari kuliazima.

2. KAZI YENYEWE

Kwa wale wasiotazama mpira, nitaeleza kwa ufupi. Mbele ya kipa husimama mabeki wanne aghalabu. Nambari 2 yuko kulia, nambari 3 kushoto, na nambari 4 na 5 wako katikati. Hao wa katikati ndio twawaita sentahafu, na ndio nitakaowazungumzia.

Kuna njia mbili za kukaba. Ya kwanza ni kukaba mtu: unapewa mshambuliaji mmoja, akienda kulia nawe kulia, akinywa maji nawe wanywa. Ya pili ni kukaba eneo: unapewa kipande cha uwanja, na yeyote aingiaye humo ni wako. Njia ya kwanza yataka mbio na kifua. Ya pili yataka kichwa, kwa maana lazima utazame mpira, utazame adui, na umtazame mwenzako wa pembeni, vyote kwa wakati mmoja.

Halafu kuna kuotea. Mshambuliaji huhesabiwa ameotea ikiwa, wakati pasi inapigwa, yuko katika nusu ya wapinzani na amewatangulia mpira pamoja na mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kwa hivyo mabeki wakipanda pamoja kwa mstari mmoja wanaweza kumwacha mshambuliaji ameotea bila hata kumgusa. Lakini mmoja akichelewa hatua moja, mstari umevunjika na bao limeingia. Ndiyo maana beki mzuri husema sana uwanjani. Anayenyamaza ni hatari kwa wenzake.

Sheria zenyewe zilimbana beki miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 1990 sheria ya kuotea ilibadilishwa, na mshambuliaji aliye sambamba na beki akahesabiwa hajaotea. Mwaka 1992 ikaja nyingine kubwa zaidi. Kabla ya hapo beki aliyebanwa alimrudishia kipa mpira, kipa akaudaka, mambo yakatulia. Tangu mwaka huo beki akimrudishia kipa kwa mguu makusudi, kipa haruhusiwi kuudaka kwa mikono. Beki ikambidi ajue kucheza mpira, si kuubutua tu. Wazee wanaosema mabeki wa zamani walikuwa wakali wana haki, lakini wa leo wana kazi ya ziada.

3. MUSA OTIENO: KUNGOJA MIAKA, KUCHEZA SIKU

Musa Otieno alizaliwa mwaka 1973 na aliingia timu ya taifa, Harambee Stars, katika miaka hiyo hiyo ya 1990 sheria zilipokuwa zimebadilika. Alicheza katikati ya ulinzi. Kenya ilikuwa imeshiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1972, 1988, 1990 na 1992, na katika fainali hizo zote nne haikushinda hata mechi moja. Baada ya 1992 ikakosa kwenda kabisa.

Yeye akavuka kwenda Afrika Kusini, akajiunga na klabu ya Santos ya Cape Town. Huko alikaa zaidi ya miaka 10. Washambuliaji huhama kila msimu kutafuta pahali pa kufunga, lakini yeye alisimama. Santos haikuwa klabu tajiri kama zile za Johannesburg na Pretoria, lakini ilitwaa ubingwa wa ligi ya Afrika Kusini msimu wa 2001/2002, na mwaka 2003 ikatwaa kombe la ABSA. Mwaka 2009 alikwenda Marekani kuichezea Cleveland City Stars, umri wake ukiwa miaka 35. Mshambuliaji wa umri huo mara nyingi miguu imemsaliti. Beki hula kwa akili, na akili hukomaa.

Sasa nije kwenye kiini. Musa Otieno alipokuwa na miaka 30, Kenya ilirudi fainali baada ya miaka 12. Fainali zilikuwa Tunisia, mwaka 2004. Kocha alikuwa Jacob Mulee, tunayemwita Ghost, na nahodha wa kikosi alikuwa beki wetu huyu.

Tarehe 26 Januari tulifungwa na Mali 3-1. Tarehe 30 Januari Senegal, waliokuwa wamefika robo fainali ya Kombe la Dunia 2002, wakatufunga 3-0. Tumeshatoka. Ikabaki mechi ya tarehe 2 Februari dhidi ya Burkina Faso, mechi ya heshima tu. Kenya ikashinda 3-0. Waliofunga ni Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza, na Oliech siku hiyo alikuwa akitimiza miaka 19. Huo ndio ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo tangu tuanze kwenda mwaka 1972.

Muulizeni mpenzi yeyote wa mpira aliyekuwapo. Atawatajia Oliech na huenda akawatajia hata siku yake ya kuzaliwa. Lakini matokeo yalikuwa 3-0, na ile sufuri ni ya nani? Bao tatu zina wenyewe watatu, sufuri haina mwenyewe. Timu iliyofungwa mabao 6 katika mechi mbili za kwanza, na iliyokuwa imeshatolewa, iliamka asubuhi ikaenda kuulinda wavu wake dakika zote 90 kama vile kombe liko mezani. Mimi naona sufuri ile ndiyo iliyotaka moyo mkubwa zaidi, kwa maana haikuwa na zawadi.

Kisha Kenya haikurudi tena hadi mwaka 2019. Fanyeni hesabu: zaidi ya miaka 10 ya kuvaa jezi ya taifa, fainali moja tu, mechi tatu. Baada ya kustaafu hakuondoka mpirani. Bobby Williamson alipokuwa kocha wa Harambee Stars, Musa Otieno alikuwa msaidizi wake. Alirudi kuziba nyufa kwa njia nyingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakutuambia kwamba anayejenga ukuta huonwa na kijiji kizima, na anayeziba ufa haonwi na mtu.

4. JOSEPH OKUMU: NGAZI KWA NGAZI

Beki wangu wa pili ni wa zama zetu. Joseph Okumu alizaliwa Kisumu tarehe 26 Mei 1997. Alichezea Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari katika ligi kuu ya Kenya. Kutoka huko akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini. Mwaka 2018 akawa Real Monarchs, kule Utah, Marekani. Real Monarchs ni timu ya pili ya klabu kubwa, yaani pahali pa kusubiri. Hapo hapakuwa na kamera nyingi.

Mwaka 2019 Kenya ikafuzu kwenda fainali za Misri chini ya kocha Sébastien Migné. Kabla ya mashindano kuanza, timu ikiwa kambini Ufaransa, beki wa kati Brian Mandela akaumia akatolewa kikosini. Pengo likapatikana katikati ya ulinzi, na Okumu, kijana wa miaka 22, akaingia. Mechi zilikuwa ngumu. Algeria walitufunga 2-0, tukawafunga ndugu zetu wa Tanzania 3-2, kisha Senegal wakatufunga 3-0. Algeria wakaja kuwa mabingwa na Senegal wakawa wa pili, kwa hivyo walinzi wetu hawakupewa watoto wa kucheza nao. Agosti mwaka huo huo Okumu akanunuliwa na Elfsborg ya Uswidi.

Elfsborg ikamaliza ya pili katika ligi mwaka 2020. Mwaka 2021 akahamia Gent ya Ubelgiji, na Aprili 2022 Gent ikatwaa Kombe la Ubelgiji kwa kuishinda Anderlecht kwa penalti baada ya sare ya 0-0. Dakika 120 bila kufungwa, kisha penalti: huo ni ushindi uliojengwa nyuma. Mwaka 2023 akaingia Reims, katika ligi kuu ya Ufaransa.

Lakini nisiwadanganye kwamba ngazi ni ya kupanda tu. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia shirikisho la mpira, na kifungo hakikuondolewa hadi Novemba. Harambee Stars ikaondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa lililofuata. Okumu alikuwa katika ubora wake, na hakuna beki duniani awezaye kuzuia barua ya ofisini. Tena Mei 2025 Reims ilifika fainali ya Kombe la Ufaransa, ikafungwa 3-0 na Paris Saint-Germain, na siku chache baadaye ikashuka daraja. Hayo nayo ni sehemu ya kazi.

5. WALIOPEWA HAKI YAO

Msije mkadhani kwamba ni lazima beki asahauliwe. Mwaka 2002 Kombe la Dunia lilifanyika Korea Kusini na Japani. Nahodha wa Korea Kusini alikuwa beki wa kati, Hong Myung-bo. Timu yake ilifika nusu fainali, na katika mechi zake sita za kwanza, ukiihesabu hiyo nusu fainali dhidi ya Ujerumani, ilifungwa mabao matatu tu. Mashindano yalipokwisha, Hong akatuzwa Mpira wa Shaba, yaani mchezaji wa tatu kwa ubora katika Kombe zima la Dunia. Ishirini na moja baadaye, mwaka 2023, beki mwingine wa Korea Kusini, Kim Min-jae, alitajwa beki bora wa ligi ya Italia baada ya kuwa bingwa na Napoli, kisha akanunuliwa na Bayern Munich ya Ujerumani.

Kwa nini nimewaleta Wakorea? Kwa sababu nchi iliyojifunza kumwona beki mmoja huzaa wengine. Mtoto wa kule alipomwona Hong amevaa kitambaa cha unahodha na dunia nzima yamtazama, alijua kwamba nyuma nako kuna njia. Na mtoto wa huku je?

6. SISI WA BOMBOLULU

Mimi ni nambari 5 wa timu yetu ya shule. Shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo mazoezi yetu ni ya kuiba: kengele ya jioni ikilia tuna muda kidogo kabla ya matatu kujaa na giza kuingia. Uwanja wetu una mawe ya matumbawe yaliyotokeza. Mpira ukidunda hapo hujui waenda Kongowea au Mtopanga. Beki wa huku hujifunza mapema kutouamini mpira. Huitazama miguu ya mtu.

Mama yangu huuza viazi vya karai karibu na steji. Nikirudi na jezi imejaa vumbi huniuliza swali moja siku zote:

"Haya, leo umefunga mangapi?"

"Sikufunga, mama."

"Basi wacheza nini?"

Hamkejeli mwanawe, yuwauliza kwa mapenzi. Tatizo ni kwamba sikuwa na neno la kumjibu, na ndilo lililonifanya niandike somo hili. Mwaka jana pia walikuja watu wa timu fulani kutazama vijana wa kuchukua mafunzoni. Mechi yetu iliisha 1-0. Wakaandika jina la aliyefunga wakaenda zao. Tangu hapo wapo walionishauri nihamie mbele kabla sijaingia kidato cha nne, kwa kuwa mbele ndiko wanakotazama. Huenda ni ushauri mzuri. Lakini nikihama mimi na akihama nambari 4, nani atabaki?

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, katika michezo yetu ya shule, anayeandika matokeo aandike pia mabeki na kipa wa kila mechi ambayo hatukufungwa, kando ya majina ya wafungaji. Kalamu na daftari ni zile zile. Pili, watangazaji wetu wa siku ya michezo, ambao wengi ni wanachama wa chama hiki, wajizoeze kumtaja beki kabla hatari haijafika. Tatu, chama kitafute maneno. Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na mashindano hayo yatasimuliwa kwa Kiswahili kuliko mengine yoyote yaliyotangulia. Ingekuwa fahari kama neno moja la kumsifu beki lingetoka Bombolulu.

Mimi nimeanza na langu, si neno moja bali ni jibu. Siku hizi mama akiniuliza nimefunga mangapi namwambia, "Leo hakupita mtu." Mara ya kwanza alinitazama tu. Mara ya pili akauliza, "Hata mmoja?" Sasa huuliza hivyo kwanza.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kukaba mtu na kukaba eneo, kisha utoe mfano wa kila moja nje ya mpira, nyumbani au sokoni.

2. Andika vitenzi vyote unavyovijua vya kufunga bao na vyote vya kuzuia bao. Orodha ipi ni ndefu zaidi, na kwa nini?

3. Tunga neno au msemo wa kitendo cha beki kusimama pahali pazuri hata pasi ya hatari isipigwe. Ulete kwa katibu wa chama.

4. Jifanye mtangazaji wa redio. Simulia dakika tatu za mechi ambazo hakuna bao, hakuna kona wala penalti, na msikilizaji asizime redio.

5. "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Jadili methali hii ukitumia maisha ya Musa Otieno au Joseph Okumu.

Ndimi wenu katika lugha,
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, nambari 5.